Pembeni Usiweke Mtu Unayempenda

Chumba cha wazazi wangu, kule Mgogoni, hakikujengwa kwa ajili ya picha. Kilijengwa kienee kitanda, kabati na kiti cha mkono cha baba, na baada ya hapo anayetaka kupita apite ubavu. Ndiyo sababu nilianza kutafuta lenzi pana. Naisema mapema, kwa kuwa mpaka leo najiuliza kama ilikuwa sababu au kisingizio.

Baba alikuwa amefariki na mama alikuwa eda. Kaka yangu mkubwa alikuja kutoka Maskati kwa msiba, dada akavuka kutoka Makoongwe na wanawe, na kwa mara ya kwanza tangu tuwe watu wazima tulilala sote nyumba moja. Nikashikilia kwamba lazima tupige picha ya pamoja kabla kaka hajarudi. Uani nafasi ilikuwa tele, lakini mjane aliye eda hatolewi nje akakalishwa mbele ya kamera, na hakuna aliyethubutu hata kulitaja hilo.

"Subirini nitoke eda," mama alituambia. "Nipake wanja, nitie hina, nikae barazani mnipige. Sasa hivi miye mtu wa kupigwa picha?"

Kaka hakuwa na ruhusa ya kusubiri. Mimi ningeweza kusubiri, ila nilikuwa nimeshaiona ile picha kichwani: chumba kizima, sisi sote ndani, mpaka saa ya ukutani.

Mimi ni mwalimu. Kamera ni kazi ya pembeni, kwa nikaha za misikitini, mahafali na picha za pasi. Lenzi niliyokuwa nayo ilikuwa ya hamsini, lenzi ya nyuso. Ukisimama nayo chumbani mle, mgongo umegota ukutani, unapata watu watatu na bega la wa nne. Nikaenda Chake Chake kwa dada mmoja anayepiga picha za harusi upande wa wanawake, kule ambako sisi wanaume hatuingii. Yeye anajua vyumba vidogo, maana bibi harusi wa huku haoneshwi uwanjani. Alikuwa na lenzi pana mbili za kubadilishana, moja ya ishirini na nne, nyingine ya kumi na sita, iliyo pana zaidi.

"Chukua ya ishirini na nne, mwalimu," alisema. "Itakata wajukuu wawili watatu, lakini uso utabaki uso."

"Nataka wote."

"Basi hii ya kumi na sita. Lakini pembeni usiweke mtu unayempenda. Pembeni inavuta."

Nilicheka. Nikampa ile ya hamsini na flashi yangu juu yake, nikaondoka na kumi na sita mfukoni. Niliona nimefanya biashara ya maana. Mtaka yote hukosa yote, lakini nani huukumbuka msemo huo akiwa na kitu kipya mkononi?

Siku ya picha nilimpangia kila mtu pahali pake. Katikati, chini ya dirisha, kilikuwa kiti cha baba, na nikamwomba mama akae hapo. Akanitazama kama niliyemwambia avue mtandio.

"Hapo pana mwenyewe," alisema.

Akakaa kwenye mkeka wake karibu na mlango, pale alipokaa miaka yote baba alipokuwa hai. Kaka akaninong'oneza nisimshughulishe. Na kweli, nani angemwondoa mjane pahali pake? Lile onyo la dada wa Chake Chake lilinijia, nikaliambia lisubiri. Nikabonyeza.

Kila kitu kilipatikana. Kabati, saa, kiti kitupu, wajukuu wote, mpaka ncha ya kiatu changu mwenyewe. Na kwenye ukingo wa kushoto mama, kichwa kimevutwa, shavu moja limekwenda zake, kama sura iliyojitazama mgongoni mwa kijiko. Wajukuu waliangua kicheko. Mama naye alicheka.

"Mmenisukuma kama chapati," alisema, akanirudishia kamera. Hakuomba kuiona tena.

Kaka akarudi Maskati. Miezi ikapita, eda ikaisha. Asubuhi moja nilipofika nyumbani nilimkuta mama barazani amevaa leso mpya, wanja machoni, hina mikononi imekoza. Alikuwa mzuri, na alijua.

"Haya, nipige," alisema. "Miye pekee. Ile siku mlinipiga na nyumba."

Nilikuwa na kamera, na kwenye kamera ile kumi na sita. Nilipomsogelea mpaka uso ukajaa, pua ilikuja mbele na masikio yakarudi nyuma. Niliporudi nyuma akawa kidoa mlangoni. Nikapiga moja kutoka mwisho wa ua, ya kupimia mwanga tu, nikamwambia asubiri kidogo, nitaazima lenzi yangu ya zamani nimpige anavyostahiki. Yule dada alikuwa Unguja kwenye harusi, angerudi wiki inayofuata.

"Si ushapiga?" aliuliza.

"Hiyo bado, mama."

"Haya. Hina haijafutika."

Simu nilikuwa nayo mfukoni. Ningeitoa, ningempiga pale pale, na uso wake ungekuwa uso. Niliona aibu, mtu wa kamera kumpiga mamake kwa simu. Watu husema majuto ni mjukuu. Wangu nimemlea tangu asubuhi ile.

Wiki hiyo hiyo mama alishikwa na kifua, akapelekwa hospitali ya Chake Chake, na hakurudi. Tulimzika hina ikiwa bado mikononi. Dada wa harusi alikuja kutoa mkono wa pole akiwa na lenzi ya hamsini ndani ya mkoba. Alikuwa amepata ujumbe wangu wa kuiazima na alidhani bado naihitaji.

Ile picha ya kupimia mwanga ninayo. Nikiikuza kwenye kompyuta, naona ua, kuni, baraza, leso. Nikizidi kukuza, naona mikono ilivyo myeusi kwa hina. Nikifika usoni pamebaki vidoa.

Kaka hakuwahi maziko. Alipiga simu siku ya tatu, akaongea na dada, kisha akaniomba mimi.

"Mama alinambia umempiga barazani," alisema. "Kavaa leso mpya, kapaka wanja. Akafurahi kweli. Nitumie hiyo, nimuone."

Nilimwambia naitafuta.