Doa kwenye Uwanja wa Uwele

Gari langu lilikuwa linavuja oili, na mimi nilijua. Niliseme hilo mapema, maana nimewahi kuisimulia habari hii nikijifanya sikujua.

Nyumbani kwetu mjini, mtaa wa Area D, nilikuwa nalitandikia boksi chini ya injini kama mtoto anayekojoa kitandani. Fundi aliniambia sili ya nyuma, ule mpira unaozuia oili isitoke, imekwisha, gia boksi ishushwe, gari likae kwake siku tatu. Sikutaka. Mwisho wa wiki ile tulikuwa tunakwenda kijijini Haneti kwa wakwe, mara ya kwanza kwa gari letu, na nilishamtambia mke wangu kwamba habari za kusubiri basi zimekwisha. Nikaenda mjini kutafuta oili nzito ya bei rahisi, ile ya kupima kutoka kwenye pipa. Mwenye duka, mzee wa Kihindi, aliniuliza ya nini. Nikamweleza.

"Oili nzito haizibi sili, bwana," akasema. "Wewe utaongeza, yenyewe itatoka."

Nikamwona mtu wa ajabu, anafukuza wateja wake mwenyewe. Nikanunua lita tano.

Tulifika Haneti mchana. Mama mkwe alilitazama gari kwa furaha iliyonivimbisha kichwa. Kando ya nyumba alikuwa amesiriba uwanja wa kupuria uwele kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, ukakauka ukawa laini, hata punje moja isingepotea. Kesho yake akina mama majirani wangekuja kumsaidia kupura mavuno yake yote ya mwaka.

"Baba, usiliache njiani, ng'ombe watalikwangua," aliniambia. "Weka hapa pasafi. Kesho wenzangu wakija walione kwanza."

Boksi lilikuwa kwenye buti, limekunjwa. Ningesema tu: mama, linavuja. Lakini mkwe mzima nipige magoti kutandika boksi mbele ya mama mkwe? Nikaegesha katikati ya uwanja, tena nikapiga honi. Nikiikumbuka ile honi uso unawaka mpaka leo.

Asubuhi nilipolisogeza, doa jeusi lilibaki, pana kama ungo. Mama mkwe alikuja na jembe. Hakuniangalia. Alikwangua udongo ulioharibika, akaenda kuutupa nyuma ya zizi, akarudi na ndoo ya udongo mpya. Alikuwa bado anasiriba wenzake walipofika na fimbo zao za kupuria.

"Kumetokea nini hapa?"

"Nimemwaga galoni la mafuta ya alizeti," akajibu. "Mikono yangu siku hizi!"

Wakamcheka, wakamkaripia. Galoni zima! Yeye, anayejulikana kijiji kizima kwa kutunza vitu! Na kwa kuwa juu ya udongo mbichi hapapurwi, wakageuza na fimbo zao, kazi ikalala hadi kesho yake. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale, ufunguo mkononi. Nilicheka pamoja nao.

Tuliporudi mjini gia boksi ilishushwa, sili mpya ikawekwa, na tangu hapo nanunua oili ya kopo, namba ileile inayotakiwa na injini, na kuibadilisha sicheleweshi. Hayo yalikuwa rahisi.

Mwaka uliofuata tulikwenda tena wakati wa kupura. Mbali na uwanja, pembeni mwa njia, mama mkwe alikuwa ameweka sufuria kuukuu chini. Hakunieleza ni ya nini. Nikaegesha juu yake. Asubuhi aliivuta, akaichungulia ndani, ilikuwa kavu.

"Limepona," akasema kwa sauti ya chini, na nikaona kweli amefurahi kwa ajili yangu.

Akina mama wakafika. Mmoja akapaza sauti tangu mbali, "Alizeti leo umeifungia ndani?" Wote wakaangua kicheko, na mama mkwe naye akacheka. Halafu akanitupia jicho mara moja tu. Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji. Nikanywa.