Mahaba ya Saa Sita Nyuma ya Karakana

Wanawake wa parokia wamekuja tena kuniomba niseme na wachumba kabla ya ndoa. Wanataka niwaambie mapenzi hupatikana wapi, na mtu huyalisha nini miaka yote hiyo yasife. Wanataka maneno matamu, ya kuandikwa kwenye kadi. Mimi maneno hayo sina. Nilichonacho ni habari za mama mkwe, nyumba ya vyumba viwili, na mwanaume aliyekubaliana na kila mtu. Kama hizo zitawafaa, haya, wakae wasikilize.

Tulifunga ndoa mara tu baada ya uhuru, Katanga ikiwa imekwisha kujitangaza nchi ya peke yake. Mji bado uliitwa Elisabethville. Mume wangu alikuwa fundi wa breki za mabehewa katika karakana ya reli, na reli ilitupa nyumba kambini: chumba cha mbele, chumba cha kulala, na jiko nje. Mimi nilizaliwa Kipushi, baba yangu mchimba madini, na masista walinifundisha kushona na kupiga pasi. Asili yetu sote wawili ilikuwa Baluba wa kaskazini, ila mimi kaskazini niliijua kwa kusikia tu midomoni mwa wazee.

Wiki ya sita ya ndoa yetu, mama yake alishuka kwenye treni akiwa na kuku mmoja, gunia la unga wa muhogo, na mwiko wake mwenyewe. Huo mwiko ungenitosha kuelewa, lakini nilikuwa bado mjinga. Alisema amekuja kutuona siku nane, kisha arudi kwenye shamba lake.

Siku ya sita mume wangu alirudi kutoka kazini na habari kwamba treni haiendi tena kaskazini. Huko watu walikuwa wanauana kwa sababu ya siasa, daraja lilikuwa limevunjwa, na hakuna aliyejua njia itafunguliwa lini. Mama mkwe aliketi chini akajifunika uso kwa kitambaa. Nilimwonea huruma, tena kwa dhati, kama wiki mbili hivi.

Kisha akasema mgongo wake una baridi. Ulianza, alisema, siku aliposikia bunduki kwenye kizuizi cha barabarani karibu na kambi, na hauwezi kupona bila mtu wa kulala naye kuupasha moto. Hakukubali kusema kwamba anaogopa. Alisema ni mgongo. Basi mimi, bibi harusi wa wiki nane, nikawa nalala mgongo kwa mgongo na mama mkwe kwenye kitanda alichotununulia baba yangu, na mume wangu akatandika mkeka chumba cha mbele, chini ya baiskeli yake.

Bukari yangu, yaani ugali, ambayo watu wa Kipushi walikuwa wakiisifu, aliiita chakula cha wagonjwa. Nguo nilizozikunja alizikunjua akazikunja upya. Jogoo hajawika, yeye yuko macho anasali rozari kwa sauti, na baada ya kila fumbo aliniombea mimi, akitaja kosa lenyewe ili Mungu asichanganye: huyu mwana asiyejua kuchagua samaki mkavu, huyu mwana anayemwaga maji kama mtu mwenye mto wake. Sokoni ilikuwa balaa zaidi. Siku zile kusema Kiluba hadharani kulikuwa kujitafutia taabu, maana watu wa kaskazini walihesabiwa adui wa serikali, na majirani zetu kadhaa walikuwa wamekwisha kukimbia mji. Nilimwambia, Mama, sokoni tuseme Kiswahili. Akajadili bei ya sombe, majani ya muhogo, kwa Kiluba, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Nikamvuta pindo la kikwembe. Akaniambia, kwa Kiluba, na kwa sauti kubwa zaidi, niache kumvua nguo mbele ya watu.

Na mume wangu? Mume wangu alikuwa na jibu moja. Mama yake akimlalamikia kwamba mke wake ni mvivu, alisema, "Iko vile, Mama." Mimi nikimlalamikia kwamba mama yake ananimaliza, alisema, "Iko vile." Kila Jumatatu alipita stesheni kuuliza habari za treni, akarudi, akasema bado, akala, akalala chini ya baiskeli yake. Kuna siku nilitamani kumpiga na pasi.

Mvua zilipoanza, chakula cha mchana walichokuwa wakipewa kazini kilikatwa kwa sababu ya uhaba wa unga. Ikawa lazima nimpelekee. Siku ya kwanza nilikwenda nimenuna, sufuria kichwani, matope hadi kwenye vifundo. King'ora cha saa sita kililia, akatoka langoni, akaniona. Nilimpa sufuria nikageuka kuondoka. Akaniambia, "Kaa kidogo." Nyuma ya karakana palikuwa na rundo la mataruma ya zamani ya reli, makavu, yamefunikwa na bati. Tukakaa hapo.

Mtu huyu, ambaye nyumbani alikuwa kama kabati, alianza kusema. Aliniambia alipokuwa mdogo alikuwa akiliogopa garimoshi hata akajificha kwenye mtama, na mama yake akamtoa humo kwa kumvuta sikio, akampeleka aliguse gurudumu lake. Aliniuliza mimi niliogopa nini utotoni. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Mikono yake ilikuwa na mafuta meusi, na kwa kuwa hakutaka kunichafulia nguo, alininyoshea kiwiko. Nikakishika. Tulikaa vile, mimi nimeshika kiwiko cha mume wangu wa ndoa, moyo unanidunda kama wa mwizi, mpaka king'ora kikalia tena.

Basi nikawa nakwenda kila siku. Nilianza kuoga saa tano. Nilianza kuvaa kikwembe changu kizuri, na mama mkwe, ambaye macho yake hayakuwa na mgongo wa kuuma, akaona.

"Kikwembe ya misa," akasema, "unaivaa juu ya kupeleka bukari?"

"Ile ingine haiyakauka, Mama."

Akaongeza fumbo moja kwenye rozari.

Mambo yaliharibika kupitia mke wa jirani, ambaye mume wake alikuwa kondakta wa treni ya kaskazini na hivyo alikuwa hana kazi siku nzima, yeye na mumewe. Huyu mama alipita siku moja karibu na karakana, akaniona kwa mbali nimemwegemea mwanaume ambaye hakumtambua, maana alikuwa amempa mgongo. Hakusubiri ageuke. Alikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe wangu, akamweleza kwa masikitiko makubwa kwamba mke wa mwanawe ana bwana nyuma ya karakana, tena mchana kweupe.

Kesho yake, tumekaa kwenye mataruma, tukasikia hatua juu ya kokoto. Mama mkwe akatokea kwenye kona, mwiko mkononi. Alikuwa amefunga kitambaa chake kichwani kama mtu anayekwenda kupigana, na nyuma yake, mbali kidogo, alisimama yule jirani. Mama mkwe alinitazama mimi. Kisha akamtazama mwanaume. Kisha mkono wenye mwiko ukashuka polepole.

"Kumbe ni weye," akamwambia mwanawe, na nawaapia, alikuwa amesikitika.

"Iko vile, Mama," akasema mume wangu.

Akamgeukia jirani akamwambia maneno ya Kiluba ambayo wachumba hawana haja ya kuyajua, na yule mama akaenda zake. Halafu, badala ya kumfuata, akaja akakaa katikati yetu. Akachukua tonge kutoka kwenye sufuria, akachovya, akatafuna, akasema sombe haina na munyu. Mimi nilikuwa nasubiri matusi.

Akaanza kusimulia, macho yake yakiwa kwenye reli. Alipoolewa, alisema, mama ya mume wake alilala nao nyumba moja mwaka mzima, tena kwa kusudi, kwa sababu hakumpenda. Yeye na baba ya huyu mwanawe walikuwa wakikutana kwenye shamba la muhogo. Mume wake alitangulia na jembe, yeye akafuata na kikapu, na kule shambani alimkuta ameketi amemmenyea muwa, ameukata vipande vidogo, kwa sababu alijua jino lake moja linauma. Baba ya mume wangu sikumkuta, alikufa kabla. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mama mkwe akimtaja. Alisema wanaume wengi walimzidi uzuri, lakini hakuna aliyejua habari za jino lake.

Mimi machozi yalikuwa karibu. Kisha nikafikiri, nikahesabu ile miezi yote ya mgongo wenye baridi, na machozi yakakauka pale pale.

"Kama ulijua vile, Mama," nikamwambia, "juu ya nini unatufanyia hivi?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza jua hutokea wapi.

"Na miye," akasema, "nani alinihurumia?"

Akainuka, akapangusa mwiko kwenye kikwembe, akaenda. Katika maisha yangu sijawahi kukasirika kama siku ile. Mume wangu akafungua kinywa, nikamwambia akisema iko vile nitarudi Kipushi kwa miguu. Akafunga kinywa.

Lakini kesho yake, saa tano haijafika, mama mkwe alikuwa amekwisha kusonga bukari mwenyewe. Sufuria ilikuwa kubwa kuliko ya kila siku. Akanisukuma mlangoni akisema chakula kitapoa, na kwamba mtu anayekwenda kwa mume wake hakokoti miguu kama anayekwenda mazishini. Na Jumamosi iliyofuata, siku ambayo mume wangu hutoka kazini mapema, alitangaza kuwa amekumbuka ndugu wa ukoo wake huko mtaa wa Ruashi, mgonjwa, anayehitaji kutazamwa. Mgongo, ambao usiku haukuweza kulala peke yake, mchana uliweza kutembea hadi Ruashi na kurudi. Alikwenda Jumamosi ile na kila Jumamosi baada yake. Aliporudi jioni, alianza kukohoa tangu kwenye bomba la maji mwanzo wa mstari wa nyumba, kikohozi kikubwa cha mtu mwenye afya, na akaendelea kukohoa mpaka mlangoni. Kambi nzima ilijua maana yake. Mimi niliona aibu hata kwenda kuchota maji. Usiku alirudi kitandani kwangu kama kawaida. Hilo hakulibadilisha.

Ndugu wa Ruashi, nilipokuja kukutana naye baadaye, hakuwa mgonjwa hata kidogo. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye kucheka, na aliniuliza kwa nini hatumlishi mama mkwe siku za Jumamosi, maana hufika pale na njaa.

Vita vilipoingia mjini, kati ya askari wa Katanga na wale wanajeshi wa Umoja wa Mataifa wenye kofia za buluu, mimi nilikuwa mjamzito. Karakana ikafungwa. Tulikaa ndani siku kadhaa, sisi watatu chini, godoro limeegemezwa dirishani, risasi zinapita juu ya mabati. Mama mkwe alikuwa anatetemeka mwili mzima, na bado alipata nguvu ya kusema kwamba chumvi imekwisha kwa sababu ya mkono wangu. Nikamwambia imekwisha kwa sababu alimpa nusu mtu wa Ruashi. Akasema afadhali angekufa kwao, ambako watu wana adabu. Nikamwambia hakuna aliyefunga mlango. Mume wangu alikuwa katikati yetu, kila mmoja wetu amemng'ang'ania mkono wake.

"Munyamaze," akasema ghafla, kwa sauti ambayo sikuijua. "Bote mbili. Munyamaze."

Tukanyamaza. Nje kitu kizito kilipasuka upande wa stesheni, na vumbi likatuangukia kutoka juu. Baada ya muda mrefu mama mkwe akanyosha mkono kupita kifuani kwa mwanawe, akanigusa begani, akaninong'oneza kwamba kumbe kinywa cha baba yake alipewa, alikuwa hajakitumia tu. Nikaanza kucheka, na yeye akacheka, na mume wangu akalala pale katikati akiwa na hasira ya kwanza ya maisha yake, na hakuna aliyemjali.

Mtoto wetu wa kike alizaliwa mvua zikiwa katikati. Mama mkwe alimwosha, akamkanda, akamwita mume wangu akamwonyesha kana kwamba mimi sikuhusika. Alikaa nasi mpaka Katanga ikaisha kuwa nchi na treni ikaanza tena kwenda kaskazini. Zile siku nane zilichukua zaidi ya miaka miwili.

Asubuhi ya kuondoka, stesheni ilijaa watu wa kwao, mabunda juu ya mabunda. Alipomaliza kupanga mizigo yake alinigeuza, akafungua kikwembe nilichombebea mtoto, akakifunga upya jinsi alivyotaka, kwa nguvu hata sikuweza kuvuta pumzi. Hakusema kwaheri kwa maneno. Alipanda, akakaa, akamwambia mwanamke aliyeketi jirani naye kwenye behewa kwamba yule pale ni muke ya mwanawe, anajua kushona. Katika muda wote ule sikuwahi kusikia sifa nyingine.

Treni ilipoondoka mume wangu alilia waziwazi, mbele ya mafundi wenzake. Nilimwuliza analilia nini. Akasema hajui. Tulirudi nyumbani, nikapika bukari nyepesi kama ninavyoipenda mimi, nikakunja nguo zangu kwa mtindo wangu, na hakuna aliyezikunjua. Mtoto alikataa chakula. Alizunguka vyumba viwili akimtafuta nkambo, yule bibi yake, akaangalia chini ya kitanda, akaangalia jikoni, akalia mpaka sauti ikamkauka, na mimi nilikaa pale nimemshika, nimeudhika kupita kiasi, kwa kuwa nyumba nzima hapakuwa na mtu wa kumlaumu.