Siku Reli ya Kanada Ilipofika Baharini

Juzi simu yangu ilinionyesha jambo lililotokea Kanada siku kama hiyo, miaka mingi iliyopita. Nilikuwa nimejilaza, maana siku hizi safari yangu ndefu kuliko zote ni ya kutoka kitandani hadi kwenye birika.

Tulipokaa Rosettenville kama wakimbizi, tukingoja Kanada itupokee, Papa alikuwa na kalenda ya kuchana aliyotumiwa na shangazi yetu wa Kanada. Kila karatasi ilikuwa na tukio la historia yao. Kabla hajaenda kulinda duka, nilimsomea, kwa sababu Kiingereza nyumbani kilikuwa changu.

"Soma vizuri, binti yangu. Wakituita kuhojiwa wataniuliza."

Mimi, kwa utoto, nilidhani mambo hayo yanatokea siku hiyo hiyo. Wala sikushangaa kwamba hawatuiti: nchi yenyewe ilikuwa bado inajengwa.

Alasiri moja, Mama akichoma ncha za rasta alizomsuka mteja, chumba kizima kikinuka plastiki, nilisoma kwamba reli yao imefika baharini. Basi, njia imefunguka! Nikavaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, nikakaa mlangoni juani, tayari.

Simu ya Papa ikalia. Aliitikia "yes, sir" mara kadhaa, akaiweka mezani taratibu.

"Wamesemaje?" Mama aliuliza.

"Kanada wametukataa."

"Watukatae vipi, na reli imeshafika?" nikasema.

Hakuna aliyecheka. Papa alifunga kamba za buti, akaenda kazini. Mama akarudi kwenye nywele za mteja.

"Vua hizo sweta, utaiva," akaniambia bila kugeuka.

Nikavua moja.