Kabula alivyotulia mbele ya nesi

Nina miaka sabini na sita. Nimezika wake wawili, nimeangusha fahali kwa pembe, lakini mjukuu wangu Kabula amenishinda.

Hatulii hata kidogo.

Leo nesi wa kundi letu la wazazi wa watoto wa namna hii alipiga simu ya video ya kundi zima. Kwetu mgeni haonyeshwi fujo. Nikamwogesha, nikamkalisha, fimbo nimeificha nyuma.

"Babu, anasumbua sana?"

Mbele ya wazazi wote wale! Nikajibu, "Wa kwangu? Ana adabu kuliko watoto wao wote!"

"Basi babu, namsikiliza mwingine."

Akanikatia simu. Kabula huyo, mbio barabarani, mbele ya lori la pamba!

Nesi hapokei tena. Nifanyeje, jamani?

Safari hii sidanganyi. Muulizeni mama Shija wa hapa Sapiwi. Ndiye aliyemnyakua mbele ya lile lori.