Nilivyopunguziwa Maneno Hamsini

Juzi nilipita Mji wa Kale, kwenye duka la vitu vya zamani, nikaona nyuma ya kioo kitabu kilichoandikwa kwa mkono, herufi za Kiarabu, wino umeshageuka rangi ya kahawa. Kando yake kikaratasi: manuscript. Nikasimama, na unavyonijua mimi si mtu wa kusimama bure mbele ya duka.

Neno hilo tunajuana tangu darasa la sita. Mwaka huo Kiingereza kilikuwa kimenishinda. Mwalimu wetu, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu na alasiri akitusomesha Kurani chuoni, aliniambia wazi: nijue maneno hamsini kufikia Jumamosi, la sivyo nirudie darasa, wenzangu waende la saba waniache.

Nikamfuata barazani kwake.

"Hamsini ni mengi, mwalimu. Nipunguzie."

"Wewe wataka mangapi?"

"Matano."

"Haya, chukua matano. Lakini usije ukanirudishia, mwanangu. Nikishauza nimeuza."

Nikadhani nimemlalia. Akashika chaki, akaandika kwenye ubao wa chuo uliokuwa hapo barazani: kitabu, katibu, maktaba. Akauliza: hawa undugu wao ni upi? Hilo kila mtoto wa chuo alilijua: mzizi wao mmoja, wa kuandika. "Basi na Waingereza wana yao," akasema, "ila wao wameazima kwa Warumi." Akanipa mizizi mitano: port, kubeba; dict, kusema; spect, kutazama; script, kuandika; manu, mkono.

Nyumbani bibi alikuwa akikaanga mahamri, harufu ya iliki imepanda hadi ngazini. Nikakaa kando ya karai na kamusi ndogo. Export, import, transport, report. Kila mzizi ulizaa. Nikahesabu: hamsini na matatu. Nikahesabu tena, maana niliona kizunguzungu: hamsini na matatu. Mahamri nayo niliyahesabu mara mbili, lakini hayo hayakuongezeka.

"Hao Warumi wako wapi sasa?" bibi aliuliza.

"Walikufa zamani, bibi."

"Na maneno yao yangali yafanya kazi?"

"Mpaka leo."

Akaligeuza hamri lake. "Wana bahati. Mimi ni hai na hamnisikii."

Jumamosi mwalimu akaniuliza neno ambalo kamusi yangu haikuwa nalo: manuscript. Nikalitenganisha. Mkono. Kuandika. Nikakiona waziwazi kitabu cha dua alichonakili babu kwa mkono wake, bibi akakitia doa la samli kwa kidole, akakilaza sandukuni kati ya leso zenye harufu ya udi.

"Ni kile cha bibi," nikasema, "cha sandukuni."

Mwalimu akaweka chaki chini. "Nenda la saba."

Sasa mwalimu hayuko, bibi hayuko. Barazani pale pamepangwa meza za wageni wanywao kahawa. Vya sandukuni vilipogawanywa, sikujua kitabu kilimwendea nani.

Basi nikaingia dukani, nikaomba nikifungue. Nilitafuta doa la samli ukurasa wa kwanza, alama ya kidole cha bibi. Nikatafuta mara mbili. Halikuwapo. Muuzaji akataja bei, akangoja nilalamike. Nilikuwa nikiutazama mwandiko wa mtu nisiyemjua, jinsi mkono wake ulivyochoka chini ya ukurasa na kupata nguvu tena juu ya unaofuata. Nikakifunga, nikamrudishia kwa mikono miwili.