Papa Akataa Kula Kiapo

Sisi tulikuwa Marafiki tangu kwetu Uvira, dhehebu ambalo Wamarekani huliita Quaker. Kule kanisa letu lilikuwa na ngoma, kwaya tatu na mhubiri asiyejua saa. Tulipofika Columbus, Marekani, tukaelekezwa kwa Marafiki wa Clintonville. Watu kama ishirini walikaa kimya saa nzima, wakapeana mikono, wakaenda kunywa kahawa. Baba yangu, tuliyemwita Papa, aliniuliza nani amekufa.

Aliendelea kwenda kwa sababu ya bibi mmoja pale, mwalimu mstaafu aliyejua Kifaransa. Kila Jumapili alimsimulia habari za Marafiki wa kwanza kule Uingereza. Walifungwa kwa kukataa kumvulia hakimu kofia. Tena hawakumwambia mkubwa "ninyi" ya heshima, ile "vous" ya Kifaransa. Hata hakimu alikuwa "wewe".

"Donc, yaani walifungwa kwa kukosa adabu," Papa alisema.

Kilichomgusa ni kiapo. Walipotakiwa kuapa walisema Yesu amekataza, wakajazwa magerezani, na wengi wakafia humo. Kuna mahali wazazi wote walifungwa, watoto wakaendesha ibada peke yao. Waliovuka bahari hadi Boston, baadhi walikatwa masikio, wengine wakanyongwa. Papa alisikiliza kama mtu anayepewa habari za wajomba zake.

Mwaka 2015, akitoka kazini kwenye ghala huko Hilliard, aliona magari mawili yakigongana. Ikaja barua ya mahakama: aende kutoa ushahidi. Siku yenyewe alitoka chumbani na begi lenye sweta mbili, mswaki na Biblia.

"Papa, unaenda wapi?"

"Gerezani."

Mama aliongeza soksi.

Mahakamani alivua kofia. Kwenye hilo hakukubaliana na wale wa kwanza. Karani alimwambia ainue mkono wa kulia aape. Papa aliacha mikono ining'inie.

"Mimi siapi. Ndiyo yangu ni ndiyo."

Mkalimani, Mtanzania aliyevaa tai, alitafsiri. Hakimu hakuinua hata macho. Alisema maneno machache.

"Anauliza kama unaahidi kusema kweli bila kuapa," mkalimani alisema.

"Ninaahidi."

"Basi, kaa."

"Ni hivyo tu?"

Hilo mkalimani hakulitafsiri. Papa alieleza kwamba gari jekundu ndilo lililopita taa nyekundu, wakamshukuru, tukatoka.

Garini, mimi nikiendesha, aliweka begi magotini.

"Watu walikufa kwa kukataa kiapo," alisema. "Mimi nimeambiwa kaa."

"Labda ni kwa sababu yao, Papa. Hakimu ameshazoea wasioapa."

Aliniambia niangalie barabara.

Mama alikuwa ameandaa bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo. Aliuliza imekuwaje.

"Bon, wamekubali."

"Mungu asifiwe!"

"Asifiwe," Papa alisema, kwa sauti ya mtu aliyebadilishiwa zamu bila kuulizwa. Alikula sahani mbili, akavaa viatu vya kazi, akaenda kungoja basi.