Tawi kwenye Mlango wa Gari

Ungempandisha mkeo, akiwa na uchungu wa kuzaa, kwenye gari la maiti?

Kitsa, mchoraji wa vibao mjini Butembo, hakuulizwa swali hilo. Aliulizwa jingine, jepesi zaidi, mwaka 2001, siku Daktari Audrey alipomletea gari jeupe na karatasi yenye picha. Daktari alitoka Orsenia, nchi ya mbali yenye baridi, na chama chake cha msaada wa tiba kilikuwa na alama moja tu: tawi la kijani. Kwao theluji ikiyeyuka miti huchipua, kwa hiyo tawi ni uzima.

"Hapa kwenu alama hii ina ubaya wowote?" aliuliza.

Kuanzia Beni hadi Lubero, kila mtu anajua kwamba gari lililofungwa tawi mbele limebeba marehemu, na wapita njia huvua kofia. Lakini Kitsa alikuwa hajapata kazi kwa miezi minne. Nani angechorewa jina la duka ambalo askari wangelipora kesho?

"Haiko na mubaya, Docteur," alisema. Akachora tawi milangoni na mbele, kwa uangalifu, kila moja majani matano.

Askari walijifunza upesi kulitambua. Makundi ya vita yalikuwa mengi, kila moja likiahidi ukombozi, na hakuna lililokomboa hata barabara moja. Ila gari la tawi lilipita vizuizi vyote, zile barrière za basoda. Mara nyingi lilirudi tupu. Vijijini watu walilivulia kofia tu. Daktari alidhani ni heshima.

Emérence, mke wa Kitsa, alikuwa amekwenda Kipese kujifungulia mtoto wa kwanza kwa mama yake, kama ilivyo desturi. Siku ya pili ya uchungu habari ikafika kwamba mtoto hatoki. Dereva Paulin akamchukua Kitsa kwa gari la tawi, wakafika saa nane mchana. Mama Jokébed, mkwe wake, alikuwa amesimama mlangoni.

"Mukwe wangu, umekuja kuzika nani?"

"Ni gari ya hôpital, Mama. Ile tawi ni rangi tu. Ni miye niliichora."

"Ni weye." Alilitazama gari kwa muda. "Basi ulichora muzuri. Mutoto wangu hapana kupanda mu gari ya maiti na angali anapumua."

Kitsa alimgeukia Paulin. "Tupake matope juu yake."

"Paka. Kule kwa barrière basoda hawataona tawi, batakamata gari, na bibi yako atashukishwa mu njia."

Emérence aliwasikia kutoka ndani. "Kitsa, usigombane na mama," alisema kwa sauti ndogo. "Nitaenda na kipoyi."

Kaka zake wanne walikuwa wamekwisha kukifunga kipoyi, machela ya mianzi ya kubeba wagonjwa mabegani. Kwa gari ilikuwa safari ya saa mbili. Kwa mabega, usiku kucha. Kitsa alitangulia na Paulin ili daktari awe tayari. Njiani wakulima waliwavulia kofia. Kitsa aliwapungia mkono, asijue kwa nini.

Asubuhi iliyofuata alisimama mahali barabara ya Kipese inapoingia mjini. Daktari alikuwa ametandika meza ya upasuaji tangu alfajiri. Mvua ilikuwa imekatika. Aliwaona wale wanne wakipanda mlima. Wabebaji wa mgonjwa hukimbia, hupokezana, huhimizana kwa sauti. Hawa walitembea. Mbele ya kipoyi walikuwa wamefunga tawi bichi la mkaratusi, likidondosha maji.

Mtu mmoja aliyekuwa akishuka na baiskeli yenye magunia ya viazi alisimama kando, akavua kofia. Kitsa naye alipeleka mkono kichwani. Hakuwa amevaa kofia.